Korosho za Mama yake Zuhura

Admin, nifichie jina tafadhali, na shule ninayofundisha usiitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwalimu wa hesabu, naishi Sofu hapa Kibaha na mume wangu na binti yetu mmoja. Najua wengi wenu hesabu mliziacha shuleni na hamkuzililia. Nivumilieni, nitaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Zuhura, kwao Kisarawe. Tulikuwa tunasoma shahada ya pili pamoja. Yeye alichunguza majedwali ya namba zilizookotwa kwa kubahatisha. Jedwali moja ukilitazama ni vurugu tupu, lakini chukua mengi, tafuta wastani, vurugu inatulia, na kinachobaki ni hesabu ya njia za kugawa namba mafungu. Tano ina njia saba: tano nzima, nne na moja, tatu na mbili, mpaka zote zikae moja moja. Mimi nilielewa nusu. Yeye alikuwa ananicheka, "Shoga, hizi namba hazijali nani kakaa wapi. Zibadilishe viti, jibu lile lile."

Zuhura alifariki mwaka jana, kwenye uzazi, yeye na mtoto. Baada ya arobaini mama yake akanikabidhi madaftari yake. "Mwanangu, humu ndani hakuna anayeyaelewa. Wewe ndiye mwenzake. Yamalizie, jina lake lisipotee." Nikasema sawa mama.

Jamani, utafiti wangu mwenyewe ulikuwa umekwama. Nilianza kwa kunakili ukurasa mmoja, nikaishia kunakili yote. Nilijiambia nitamtaja kwenye shukrani. Nilipofika kwenye shukrani nikamwandika mume wangu na wazazi.

Msimamizi aliikubali kazi, isipokuwa hatua moja. "Hapa umevukaje?" Sikujua. Kwenye daftari, pembeni ya hatua hiyo, Zuhura alikuwa ameandika tu: kama korosho za mama.

Nikaenda Kisarawe. Nilimkuta mama mkekani anabangua korosho. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanikumbatia mpaka nikaona aibu. Nikamuuliza Zuhura alikuwa anazifanya nini korosho. Alifurahi, maana tangu msiba watu walikuwa wanaogopa kumtaja mwanawe mbele yake. Akapanga nne kwa mstari, na moja chini ya ile ya kwanza. "Alikuwa anazihesabu kwa kulala, hivi, nne na moja. Halafu ananiambia, mama, sasa zihesabu kwa kusimama." Kwa kusimama zikawa mbili, moja, moja, moja. Mgawanyo mwingine, korosho zile zile tano. Hapo hapo nikaiona hatua yote. Mama alikuwa analia, na mimi nilikuwa namalizia hesabu kichwani.

Nimefaulu. Mahafali ni mwezi ujao.

Lakini tangu siku ile sina amani. Nikiandika ubaoni nasikia chaki ya pili nyuma yangu, nikigeuka ni wanafunzi tu, wameinama wanaandika. Juzi mchana binti yangu alikuwa anachezea visoda sakafuni. Alipanga vinne, na kimoja chini. Hakuna aliyemfundisha. Nilivipiga teke, akalia, na mume wangu akaniuliza nina nini. Nilisema kichwa kinauma.

Jana mama Zuhura amenipigia simu. "Nimesikia kitabu kimekamilika. Siku ya mahafali nakuja, nikae karibu yako, unioneshe jina la mwanangu lilipoandikwa. Kusoma sisomi sana, ila jina lake nalijua hata likiwa dogo."

Nikisema ukweli chuoni, shahada inaondoka, na mume wangu hajui lolote. Nikinyamaza, yule mama atakuja, ameshashona nguo. Kitabu ninacho hapa mezani, nimekifungua mara nyingi leo. Ndugu zangu, niambieni, nimfungulie ukurasa gani?