Mwanafunzi Aliyeogopa Kufaulu

Kila asubuhi saa nne ilipokaribia, Fusae Hamaguchi alijipaka rangi ya mdomo, akanyoosha kola ya sweta lake, akaketi mbele ya kompyuta kujifanya mjinga.

"Hili ni tunda gani, Mama Fusae?"

"Hiyo... hiyo tufaha."

"Unapenda tufaha?"

"Ndiyo. Mimi penda tufaha. Penda sana."

"Vizuri sana!" alisema Mwalimu Jovelyn kutoka Iloilo, kule Ufilipino, akapiga makofi kana kwamba mtoto wake ametembea hatua ya kwanza. Nyuma yake palikuwa na pazia la maua na feni iliyokuwa ikizunguka. Huku Himi, mji wa pwani ya Japani, theluji ilikuwa imefika dirishani, na Fusae alikuwa ameingiza miguu yote miwili chini ya meza yenye blanketi na hita.

Tusimlaumu mwalimu kwa kudanganyika. Miaka mitatu nyuma mwanamke huyu kweli hakujua kitu. Alikuwa mjane aliyestaafu kiwanda cha keki za samaki, mikono yake ingali na alama za visu. Mumewe, Kiyoharu, alikuwa picha juu ya madhabahu ya nyumbani, akipewa wali wake kila asubuhi bila kusema asante. Hata hivyo, alipokuwa hai naye hakuwa msemaji. Mwana wao Kazunari alikuja mara moja kutoka Nagoya, akamwona mama yake akiongea na birika la chai, akashtuka.

"Mama, akili isipofanya kazi inaota kutu. Jifunze Kiingereza."

Akamlipia darasa la mtandaoni, akamwonyesha pa kubonyeza, akapanda treni akarudi zake. Tangu hapo, siku akipiga simu, huuliza habari za Kiingereza kabla ya kuuliza habari za mgongo.

Basi mtu mwenye siku ndefu na nyumba isiyo na sauti atafanya nini? Fusae alisoma. Alirudia masomo yaliyorekodiwa huku akichemsha figili. Alisikiliza utabiri wa hali ya hewa wa miji asiyoijua huku akizoa theluji mlangoni, akabishana na simu iliyomsahihisha matamshi mpaka simu ikamkubali. Kiingereza kikamwingia polepole, na siku moja akagundua kuwa anacheka vichekesho vya redio ya ng'ambo peke yake jikoni.

Ndipo likaja tangazo la mtihani. Anayefaulu anapanda ngazi na kukabidhiwa walimu wengine. Jovelyn alifundisha wanaoanza tu, na kanuni za kampuni zilikataza mwalimu na mwanafunzi kupeana namba ya simu au anwani. Fusae alilisoma tangazo lile kwa Kiingereza, akalielewa lote. Mtihani ulipofika, alionyeshwa mwavuli akasema tufaha. Alionyeshwa treni akasema tufaha. Kampuni ikamwandikia pole nyingi. Mara ya pili akafanya vilevile.

Upweke ni uvundo, na asiyepata kuunusa asimcheke mwenzake. Jirani yake, Bi Tokuda, alikuwa akimletea ule ubao wa matangazo ya mtaa unaopitishwa nyumba kwa nyumba. Ubao huo ndio uliokuwa mgeni wake pekee.

"Jirani, unaongea na nani humo ndani? Nilidhani mzee wako amerudi!"

"Nasoma Kiingereza."

"Kwa umri huu? Utakwenda kukitumia wapi, kwa yule muuza figili?"

Akacheka, akauacha ubao, akaenda zake. Wiki hiyo Fusae hakupata maneno mengine ya kutoka kwa mtu wa mtaani.

Lakini siri ya kushikilia darasa lile haikuwa matufaha. Ilikuwa dakika za mwisho. Somo likiisha mapema mwalimu hakuruhusiwa kuondoka, ilibidi asubiri mpaka saa ifike na kioo cha kompyuta kikatike chenyewe, hata kama neno liko mdomoni. Jovelyn alikuwa amekwisha kuona kuwa mwanafunzi wake hutabasamu na kutikisa kichwa tu. Siku moja, kwa uchovu, akaanza kutoa dukuduku lake, kwa Kiingereza cha haraka haraka, kama mtu anayesali peke yake.

"Yaani Mama, jana paa limevuja mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Fundi anasema kesho, kesho yenyewe haifiki. Na baba yake huko melini, ujumbe wake siku hizi maneno mawili. 'Niko salama.' Kwani nimemuuliza usalama? Haya, samahani, naropoka tu. Hujaelewa kitu, eeh?"

"Ndiyo," alisema Fusae. "Mimi penda tufaha."

Jovelyn alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Fusae aliyajua yote, mama mkwe anayepima mchele kwa jicho, mtoto anayeogopa mvua, zile jumbe za melini zilizozidi kuwa fupi. Mtoto alipopata homa, Fusae aliweka bakuli la pili la wali kwenye madhabahu, akamwambia Kiyoharu afanye kazi kidogo huko aliko. Kesho yake hakuweza kuuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Alitaja matunda na wanyama mpaka Jovelyn mwenyewe aliposema kuwa homa imeshuka. Alijitia hamnazo hata kwa furaha yake.

Kisha ikaja Alhamisi moja Jovelyn akatokea amejipaka poda, lakini macho yamevimba. Walimaliza matunda upesi.

"Leo wamenipa onyo, Mama. Wanasema wanafunzi wangu hawapandi. Jumamosi ukifeli tena mtihani, wananipunguzia wanafunzi, nabaki na wawili watatu. Wewe hawakuondoi, usiogope, utabaki na mimi. Ila paa ndiyo basi tena. Mtoto na mwavuli kitandani." Akacheka vibaya. "Si kosa lako. Kichwa cha mzee ni kichwa cha mzee. Nakupenda hivyo hivyo. Hujaelewa, eeh?"

Fusae alitafuta tufaha lake, hakuliona. Alitikisa kichwa tu, na kioo kikakatika.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho juu ya kitanda cha mtoto wa watu. Hata hivyo, na tuseme ukweli, siku mbili zile hakuwaza mtoto tu. Aliwaza pia kwamba akifeli, Jovelyn atakuwa wake zaidi, mwenye nafasi, asiye na haraka. Wazo hilo lilimjia akiosha mchele, na lilikuwa tamu. Alipolitambua ni wazo gani, aliona aibu mbele ya picha ya mumewe, akaigeuzia mgongo.

Jumamosi mtahini alikuwa mwanamume mwenye tai na mafua. Akaonyesha picha ya mwavuli.

Fusae aliitazama mpaka yule bwana akashika kalamu kuandika sifuri.

"Huo ni mwavuli," alisema. "Umevunjika ubavu mmoja, lakini kwa mvua ndogo bado unafaa."

Mtahini aliinua macho. Hakurudia kutazama karatasi zake.

Somo la kuagana likawekwa Jumatatu. Jovelyn aliruka alipomwona.

"Umepita! Mama Fusae, umepita! Wamefuta onyo! Umefanyaje, eeh? Umekula kitabu?"

"Ndiyo. Mimi... furahi."

Walitazama matunda kwa mara ya mwisho, kwa heshima ya kazi. Kisha Jovelyn akaegemea kiti.

"Haya, la mwisho, maana najua hulielewi. Mama yangu alifariki mimi mdogo, sura yake siikumbuki. Ukitikisa kichwa hivyo, huwa najiambia, ndiye huyo. Upuuzi, eeh? Sijui sasa nitamwambia nani mambo yangu."

Fusae angeweza kutabasamu, akaaga, na siri yake ikazikwa salama.

"Lile paa," aliuliza, "fundi amekuja?"

Feni ilizunguka. Jovelyn alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Ulikuwa unanielewa?"

"Nilikuelewa."

"Tangu lini?"

"Tangu paa livuje."

"Yote? Na ya mama mkwe?"

"Na ya mama mkwe. Nilimchukia kweli."

"Mbona hukusema, wewe mwanamke?"

"Ningesema, wangenipandisha. Ningekukosa."

Jovelyn alikasirika, ilionekana, kisha hasira ikakosa pa kukaa. Alikuwa akilia na kucheka. "Kwa hiyo nilikuwa naongea na mtu," alisema. "Muda wote huu, nilikuwa na mtu." Akatupia jicho saa. "Haki iko wapi? Mimi nimekumwagia yangu yote, yako sijui hata moja. Niambie kitu, Mama. Haraka. Chochote."

"Sipendi tufaha," alisema Fusae. "Napenda peasi. Mume wangu..."

Kioo kikakatika.

Ikabaki picha ndogo ya Jovelyn anayetabasamu, na chini yake maneno yanayomtaka Fusae ampe mwalimu nyota. Alijua kuwa akibonyeza tu, ukurasa utajifunga na picha itaondoka. Hakubonyeza.

"Mume wangu," aliendelea kwa Kiingereza, "alikuja na peasi mkononi, vuli ile ya mwisho. Hakuwa mtu wa kuomba. Akasema, nimenyee. Nikamwambia subiri, natazama kipindi. Akalirudisha kwenye bakuli bila neno, akaenda kulala, na asubuhi hakuamka. Lile peasi lilikaa pale mpaka likaoza, sikuweza kulitupa. Sijamwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza napenda tunda gani, ila wewe, kila siku, na kila siku nikakudanganya."

Alipomaliza, alisubiri kusahihishwa. Kisha akabonyeza nyota zote tano, na picha ikaondoka.