Sungura wa Kitanda cha Harusi

Ukimuuliza mwanamke yeyote wa Magarama, hapa Gitega, Burundi, nani alimdarizia mashuka ya harusi, atakutajia Swabra kabla hujamaliza kuuliza. Miaka thelathini mama huyu amekaa mkekani, shuka jeupe magotini, akishona waridi na majani yanayofukuzana pembeni mwa kitambaa. Waislamu walimjia, Wakristo walimjia, Wakongo wa sokoni wakamletea mpaka vitambaa vya kufunikia redio. Ila mnyama hakushona, wala ndege. Marehemu babake, mzee Othmani, alimfundisha sindano na katazo kwa pamoja: anayetengeneza sura ya chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie uhai, na hataweza.

Mtu kama huyo Mungu akampa binti mmoja tu, Pili, na Pili akapagawa na mambo ya Kijapani.

Upuuzi huo uliingia kwa simu. Pili alikuwa na kibanda cha kuuza makava ya simu, na mwanzoni yalikuwa makava tu, yenye masikio ya dubu. Zikafuata kandambili zenye nyuso, soksi zenye nyuso, hadi kijiko cha chai kikaota mashavu mekundu. Alijifunza neno kawaii, yaani kinachopendeza, akalibandika kwa kila kitu kidogo, cha mviringo, chenye macho ya kuombaomba. Mwanamke wa miaka ishirini na mitatu akawa anapiga picha amejishika mashavu, anaongea kama mtoto anayetaka kubebwa. Swabra alipogomba aliambiwa kwamba huko Japani hata polisi wana kanyama kao ka katuni.

"Basi polisi hao ndio wakuoe," alisema Swabra.

Lakini mchumba alikuwepo, tena wa heshima: Nassoro wa Muyinga, mwana wa muuza vitenge. Na kwa desturi ya pande zote mbili, bibi harusi hutandikiwa kitanda na mama yake mzazi. Mashuka hutandikwa mchana, wanawake wa upande wa mume wakaingia kuyatazama na kuushika mshono kwa vidole. Swabra alikuwa ameingoja siku hiyo tangu Pili azaliwe.

"Mama, mi sitaki maua," Pili alimwambia. "Maua iko ya wazee. Unishonee tusungura, tudogo, na macho makubwa. C'est mignon, inapendeza."

"We mtoto, unajua mi sishonaka kitu iko na roho."

"Basi ntanunua ya dukani. Yako itabakia mu sanduku."

Swabra hakuwa na shamba kijijini Bugendana, wala dhahabu ya kumvika binti. Alikuwa na mikono. Shuka la dukani likilala juu ya kitanda kile, yeye angekuwa amemwoza mwanawe mikono mitupu, na Muyinga nzima ingejua. Alinuna siku tatu. Ya nne akasema mtoto akililia wembe mpe, akatunga uzi.

Miezi mitatu alishona sungura kumi na wanane. Na lililomuudhi kuliko yote, walipendeza. Siku moja alijikuta peke yake mkekani anamchekea mmoja wao, akamgeuza kwa hasira.

Baada ya kumaliza, roho ilimsuta mpaka swala ikawa haimtulii. Ndipo akakumbuka dawa aliyoitaja babake: sura iliyokatwa shingo haina roho tena, imekuwa kama mti. Akachukua uzi mwekundu, akampitishia kila sungura mstari mmoja shingoni. Alitazama, akaona kama mkufu. Mungu amepata haki yake, alijisemea, na mtoto amepata sungura wake. Hakumwambia Pili.

Siku ya siku, Muyinga, alitandika kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake wanane wakaingia. Shangazi wa Nassoro akainama karibu.

"Eh! Hivi vinyama vimechinjwa?"

Mmoja alicheka. Mama yake Nassoro hakucheka. "Alama ya kisu kwa kitanda ya mtoto wangu? Siku ya harusi?"

"Siyo kisu, dada," Swabra alisema. "Nimeondoa roho mu sura yao, juu malaika wasikimbie nyumba. Mungu alikataza."

"Kama alikataza, mbona ulishona?"

Swabra akavuta pembe ya shuka ikae sawa. Swali hilo anajiuliza hata leo.

Pili akaingia, akamsogelea mama yake, meno nje kwa ajili ya wageni, akamnong'oneza: "Fumua hizo mistari, mama. Ukifumua ntalalia shuka zako, naapa."

Swabra akakusanya mashuka, akajifungia chumba cha nyuma. Uani vigelegele vilikuwa vinapanda na pilau inanukia. Kwa mkasi mdogo alikata uzi wa shingo ya kwanza, akauvuta, sungura akamtumbulia macho. Akafika wa tatu. Alisema astaghfirullah, akaendelea, maana mtoto ameapa. Alijua anachokifanya: anawarudishia roho. Alikifanya mara kumi na nane, kisha akapapasa kitambaa kwa kiganja ili matundu ya sindano yajifunge.

Aliporudi alikuta kitanda kimetandikwa. Shuka la dukani, linalong'aa, lina dubu wa kuchapwa na mikunjo ya pakiti bado imesimama. Pili alikuwa amekaa juu yake na wasichana wenzake, simu imeinuliwa, mkono shavuni.

"Merci, mama," alisema bila kugeuka. "Wageni walichoka kungoja, tukatandika ingine. Weka hapo chini kwanza."

Swabra akaweka. Akatoka uani, akapewa sahani ya pilau, akala, kwa sababu asiyekula angeulizwa ana nini. Kumkosea Mungu kwa ajili ya mtoto, hilo angelibeba. Lililomkaa kooni ni kwamba amemkosea bure.