Shangwe Kwanza, Tulia Mwisho

Nakumbuka wiki moja pale Kenyamonta, wiki ambayo nyumba yetu nusura iwape wakwe chai ya rangi. Nakuita mwanangu, ingawa sina hata mvi moja, kwa sababu maneno nitakayokupa si yangu. Ni ya Bibi Robi, mama mzaa baba, naye kila neno la maana hulianza hivyo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti kikiwa bado ndani ya bahasha. Bibi alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Shangwe alijaza ndoo. Tulia alikuwa anaumwa kiwele, chuchu moja imevimba, maziwa yake yanamwagwa. Jumatatu Bibi alisafiri kwenda Kerende kuwaita ndugu, kwa maana Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Ghati. Akasimama njiani na kifurushi chake, akaniita kijana kwa Kikurya, akaniambia:

"Mura, kukamua, Shangwe kwanza, Tulia mwisho. Kila mmoja na kitambaa chake. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia kweli. Hata chuoni tulifundishwa hivyo hivyo, na kwenye mtihani niliandika vizuri kabisa. Lakini mwanangu, kujua ni kitu kimoja, na kutulia ukatenda unachojua ni kitu kingine. Usiku kucha niliwaza. Je, uvimbe umeongezeka? Je, ni tope la zizini? Ni nzi? Kulipokucha mguu ulinipeleka wenyewe kwa Tulia. Nikamkanda kiwele kwa maji ya moto, nikamkamua, nikampima joto, nikaandika daftarini. Kisha nikahamia kwa Shangwe na kitambaa kilekile mkononi, akili yote ikiwa bado kwa mgonjwa. Siku tatu nilifanya hivyo.

Alhamisi asubuhi maziwa ya Shangwe yalitoka na mabonge kama mtindi uliokatika.

Ghati alichungulia ndoo, akashika kiuno. "Kaka, nyumba yenye ng'ombe wawili, wakwe wanywe chai ya rangi? Watasema wanaoa kwa mafukara!" Alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Nikatafuta mwenye kosa. Nyani haoni kundule. Nikamkumbuka Mzee Marwa, jirani yetu, ambaye ng'ombe wake hunywa na wetu kijito kimoja. Nikaenda na daftari, nikamwamkia shikamoo, kisha nikamuuliza maswali kurasa mbili: ng'ombe wako wanalala wapi, nani anawakamua, umeleta ng'ombe mgeni lini? Mzee alijibu yote kwa subira. Mwishoni akauliza, "Na wewe, kijana, mikono uliosha lini?" Nilidhani ananitania kwa sababu nilikanyaga mavi ya ng'ombe wake.

Bibi alirudi mchana. Hakufungua daftari langu. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Ulianza na nani?"

"Na Tulia, Bibi. Nilimwonea huruma."

"Kwa kitambaa gani?"

Nikakitazama kikining'inia kwenye nguzo ya zizi, kimoja, peke yake. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, mikono yako imesoma sana, lakini haijanawa."

Baada ya kucheka hakuchelewa. Alimwita bwana mifugo wa kata. Yule bwana akapima maziwa kwenye kisahani chake cha vikombe vinne, akamtia Shangwe dawa kwenye chuchu, akatukataza kuyatumia maziwa ya Shangwe hadi siku za dawa ziishe. Kwa hiyo Jumamosi ilitukuta bila tone.

Wakwe walipokuwa wakikaribishwa viti, nani akatokea nyuma ya nyumba na ndoo imejaa, imefunikwa jani la mgomba? Mzee Marwa.

"Daktari," akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "haya maziwa utayahoji kwanza, au wageni wanywe?"

Nyumba nzima ilicheka, na wakwe nao, bila kujua wanachocheka. Bibi aliyachemsha maziwa yakafura, kama afanyavyo siku zote, chai ikawa nzito. Ghati akaposwa. Wiki mbili baadaye Shangwe alijaza ndoo tena, na ndoo ya kwanza niliibeba mwenyewe hadi kwa Mzee Marwa. Nilimwomba radhi. Akauliza kama nimekuja na daftari.

Basi mwanangu, shika haya. Anza na mzima, maliza na mgonjwa, hata kama moyo unakuvuta kwa mgonjwa. Huruma isiyonawa ndiyo inayobeba ugonjwa. Kila kiwele na kitambaa chake, na mikono ioshwe kwa sabuni katikati. Zizi likaushwe tope. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Na kabla hujakimbilia kwa jirani na maswali, jiulize mwenyewe yale mawili ya Bibi. Mimi bado nawaza sana usiku, sijapona hilo. Lakini sasa asubuhi huwa nawaza huku nanawa.

Ng'ombe wako wajaze ndoo, mwanangu, jirani yako awe wa kukuchekesha, na mkwe wako asinywe chai ya rangi kamwe.