Shamba Lililopimwa kwa Miguu Yake

Yule mchezaji wa mpira wa kikapu mliyemwita Kapteni alifariki mwezi uliopita, katika chumba cha kupanga mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Tulimzika makaburi ya mjini kwa sababu hakuwa na shamba. Mji mzima ulifika. Watu walipanda juu ya malori kumwona akishushwa, na vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza walilia kuliko mjane. Nilitoka pale nimechoka, msomaji wangu, na hasira haijaisha, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Alicheza Nairobi miaka mingi, na mpira ndio uliomlisha. Goti lilipoharibika akarudi kwetu, wakati ule Wazungu wanauza mashamba na sisi tunajiunga vyama kununua. Chama chetu kilipata shamba la ngano nje ya mji. Siku ya kugawa, mpimaji hakufika, na hakuna aliyeiamini komiti. Mmoja akianza kupima, mwingine anapiga kelele, "Huyo anampimia shemeji yake!" Ndipo mama mmoja akasema, "Apime Kapteni. Huyo ni wetu sote." Tukapiga makofi. Kila mtu apate hatua zilezile, hatua za mtu aliyeinama kuingia kila mlango wa Eldoret. Hakuna aliyefikiria urefu wa miguu ile. Au walifikiria, wakanyamaza. Walimfuata nyuma wakimshangilia kama yuko uwanjani, "Nyoosha, Kapteni! Nyoosha mguu!" Naye, goti likimuuma, akanyoosha. La kwake alitaka lipimwe mwisho, asije akaambiwa amejipendelea. Kufika hapo, shamba limekwisha, mbele ni mto. Alicheka, akakaa chini akikanda goti. Komiti ikamwahidi kipande kwingine.

Aliingoja ahadi hiyo mpaka akafa. Na si kwamba alisahauliwa! Hotelini chai yake ililipwa kabla hajaketi. Akipita sokoni, watu waliacha biashara wamsalimie. Walimpa kila kitu isipokuwa alichohitaji.

Baada ya mazishi, mjane wake, mama mfupi asiyenifika begani, alikuja kwenye mkutano wa chama kuomba mahali pa kulima.

"Pole sana, mama," mwenyekiti akasema. "Kapteni tulimpenda. Lakini ardhi imekwisha."

Nikasimama na mtoto mgongoni. "Imekwisha wapi, Mzee? Si iko chini ya mahindi yenu?"

Wakaniambia nikae, eti ni uchungu wa msiba.

Jumamosi nilimpeleka mjane shambani kwetu, nikamwambia apime hatua zilezile tulizopewa, ila kwa miguu yake. Mume wangu akashika kiuno. "Mama watoto, umerogwa?" Nikamwambia, "Wewe hesabu tu." Alipomaliza, kati ya mguu wake wa mwisho na seng'enge yetu palibaki ardhi ya kutosha nyumba na mahindi ya watoto. Majirani walikuwa wamesimama mipakani kwao wakitazama. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mume wangu akaenda kuleta mtaimbo wa kung'oa nguzo.

Kumpenda marehemu ni rahisi, kwa sababu haombi kitu tena. Kazi iko kwa wale aliowaacha. Sisi seng'enge tumeisogeza. Nyinyi mliolia juu ya malori, mjane bado ana miguu. Mwiteni aje apime kwenu.