Pilipili za Mama Nyuma ya Jiko

Mama alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma na mbegu za pilipili amezifunga kwenye pindo la kitenge. Akazipanda hapa Rumonge, kando ya ziwa, nyuma ya jiko, ndani ya bidoni za mawese zilizokatwa katikati. Ni zile za manjano, za mviringo, zinazonukia vizuri kabla hazijakuchoma. Mchungaji mmoja alizila kwetu na ndagala, dagaa wa huku, machozi yakamtoka. "Vumilia, mtumishi," Mama akamwambia, "itapita."

Mwaka jana tumbo likamshika. Hospitali wakaturudisha nyumbani, wakasema hawana dawa tena. Mama mdogo, dada yake, aliyekuwa nasi hospitalini, akahamia kwetu kumuuguza, na siku hiyohiyo akakataza pilipili. Ikawa uji na samaki wa kuchemsha. Mama akawa anageukia ukuta. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

"Unataka nini, Mama?"

"Nataka kula kama mtu."

Nikampa. Bugali kidogo, ndagala, pilipili moja niliyoiponda kwenye mawese. Alikula, jasho likamtoka puani, akaomba maji, akacheka. Wiki hiyo akafa.

Mama mdogo hakungoja hata matanga yaishe. "Weye mutoto ndiye umemuua," akasema mbele ya watu wote. "Ile kitu iko sumu kwa mugonjwa." Akaing'oa miche yote, akaitupa ziwani. Watu waliokula kwetu miaka yote wakamtazama tu. Mimi nilikuwa nanyonyesha; nilipofika ukingoni, mawimbi yalikuwa yameshaibeba.

Daktari alishasema hakuna dawa. Mama mdogo alisikia, alikuwa amekaa pale pale. Sasa pilipili ingemuua mara ya pili?

Ilibaki chupa moja aliyoitengeneza Mama mwenyewe, pilipili ndani ya mawese. Nilitoa mbegu, nikaziosha kwa sabuni, nikapanda. Hazikuota. Mama alizichemsha kwanza ndani ya mafuta, kama tunavyofanya wote huku ili zisioze. Nililijua hilo. Nikapanda tena.

Juzi mama mdogo alikuja kututembelea. Nikampakulia samaki wa mukeke na bugali. Akaonja.

"Mwanangu, kale kapilipili ka mama yako hakakubaki hata kidogo?"

"Hakuna," nikamjibu. Chupa ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu.

Akaendelea kula, ameinamisha kichwa. Anatafuna kama Mama, kwa upande mmoja. Nilimtazama mpaka akamaliza, na sikumpa.