Kitufe cha Joto Kisichounganishwa Popote

Nilimfungia mteja kitufe ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote. Akakizungusha, akafumba macho, akasema, "Hapo sasa. Hapo ndipo pana joto."

Nikatoka nje nikaegemea ukuta, nikacheka mpaka machozi.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana humu kundini kuna watu wa kukurupuka.

Mimi ni fundi. Karakana ni ya shangazi yangu, dada yake baba. Tunatengeneza ampu za gitaa za zamani, yaani vikuza sauti, zile za vali. Vali ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani. Ampu moja ni nzito kama mfuko wa saruji, inamzidi baba yangu umri, na ukiigusa vibaya ndani inakurusha. Ukiongeza mkwaruzo, ule ukali wa sauti, mpaka mwisho, gitaa linanguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

Watu wanaozipenda hizi ampu ni wagonjwa. Nasema hivi kwa upendo mdogo sana.

Mtu anaacha ampu mpya, nyepesi, yenye dhamana. Ananunua sanduku lililolaliwa na kuku, eti zamani walijua kutengeneza. Analileta na buibui wake, anataka tulifufue. Tukilifufua analalamika kwamba limepoteza roho.

Roho gani? Kilichokuwa ndani ni panya, na tulimtoa.

Nje ya mlango wetu kuna benchi, na kwenye benchi kuna magwiji watatu. Wote wapiga gitaa wa bendi ambazo hazijawahi kuitwa mahali mara mbili. Kutwa wanabishana vali ya mwaka gani ina sauti tamu. Mmoja aliwahi kuniambia anasikia rangi ya waya.

Lakini kiboko yao alikuwa mteja mmoja tuliyemwita Mzee wa Joto.

Huyu ni fundi bomba. Anaingia na viatu vya mpira vyenye tope, mikono inanuka gundi ya mabomba. Ampu yake nilishaitengeneza vizuri tu. Vali mpya, kapasita zote zilizovimba nikang'oa nikaweka nyingine. Akairudisha mara tano.

"Kijana, inanguruma sawa, ila haina joto."

"Mzee, hiyo ni ampu, siyo jiko."

Magwiji wakaangua kicheko. Yeye akakuna kidevu tu, akaondoka, akarudi tena.

Sasa, wakati huohuo shangazi alikuwa na lake. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali walishampangia siku ya upasuaji, na baada ya hapo miezi miwili ya kukaa mbali na moshi wa kulehemu. Akaniita.

"Wiki hii nakutazama kwa haya macho yaliyobaki. Jumamosi naamua. Ama nakuachia funguo, ama nafunga mpaka nirudi."

Nilizitaka hizo funguo kuliko kitu chochote. Miaka minne nimekaa meza ya nyuma. Mteja anaingia, ananitazama usoni, anauliza, "Fundi yupo?"

Jumanne Mzee wa Joto akaja mara ya sita. Hapo ndipo shetani akanipitia.

Kwenye uso wa ampu yake palikuwa na tundu, mtu fulani wa zamani alilitoboa akaliacha hivyo. Nikafunga kitufe cha kuzungusha hapo. Nyuma yake nikalehemu waya mbili ndefu, nikazipitisha katikati ya vali, ncha zake nikazifunga utepe. Haziendi popote. Niliziweka ili mtu akifungua aone waya, aheshimu.

"Mzee, nimekuwekea kitufe cha joto. Moja mpaka kumi."

Akachomeka gitaa lake. Akapiga. Akazungusha. Akapiga tena.

"Kwenye tatu ni tamu," akasema. "Saba imezidi. Inakuwa kama mtu aliyebanwa pua."

Kama mtu aliyebanwa pua. Kitufe cha hewa.

Niliwasimulia magwiji, mmoja akateleza kwenye benchi kwa kucheka. Sikuishia hapo. Niliandika kwenye kundi letu hili, na baadhi yenu humu mliniwekea vicheko, msijifanye watakatifu. Kufikia Alhamisi kila mwenye gitaa alikuwa anamuuliza yule mzee kama leo kuna joto.

Jumamosi asubuhi akatokea anasukuma toroli, ampu juu yake. Akaipandisha mezani mwenyewe, mbele ya shangazi. Magwiji wakaingia nyuma yake bila kukaribishwa.

"Mama fundi," akasema, "kijana wako anatangaza kwamba kitufe hiki hakifanyi kitu. Mimi nasema kinafanya. Nipimeni."

"Tukupime vipi?" shangazi akauliza.

"Nageukia ukuta. Mmoja apige gitaa, kijana azungushe. Mimi nitataja namba."

Moyoni nikashukuru. Nikaona funguo zinakuja zenyewe. Shangazi angeshuhudia kwa macho yake, hata kama ni ya ukungu, kwamba mimi naijua hii mashine na mteja anaota.

Gwiji mmoja akashika gitaa. Nikaziba kitufe kwa kiganja.

"Tatu," mzee akasema.

Ilikuwa tatu. Bahati.

"Nane."

Ilikuwa nane.

Nikajifanya nazungusha, ila sikuzungusha.

"Hujagusa."

Magwiji wakaacha kutafuna kucha. Tulifika mara kumi. Zote kumi alipata, na ukuta haukuwa na kioo, nilikagua.

Tukawapima magwiji pia. Wa kwanza alitaja mbili ikiwa tisa. Wa pili alisema anahitaji kwanza kunywa maji. Yule wa kusikia rangi ya waya alitaja tano kila mara, kwa sababu, alisema, tano iko katikati.

Shangazi hakucheka.

"Zima. Fungua bati la nyuma. Sasa washa, halafu mikono yako iweke mfukoni."

Akachukua kijiti cha mbao, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia bati. Akaniambia mkwaruzo niupandishe mpaka mwisho, kitufe changu kiwe kumi. Kisha kwa kijiti akaisukuma waya yangu moja, kidogo tu, upande wa vali ya kwanza.

Ampu ikapiga yowe. Mluzi wa kutoboa masikio, hakuna aliyegusa gitaa. Akaivuta waya nyuma, kimya. Akaisukuma tena, yowe.

"Umesema haijaunganishwa," akaniambia.

"Haijaunganishwa, shangazi. Ncha zina utepe."

"Moja umeilaza ubavuni mwa vali ya kwanza. Nyingine ubavuni mwa vali ya tatu. Humu ndani sauti inakuzwa mara maelfu. Waya haihitaji kugusa ili ishike. Sauti ya vali ya tatu inaruka, inapita kwenye kitufe chako, inarudi mwanzo. Wewe mtoto wa kaka yangu, hili nilikufundisha mwaka wa kwanza."

Alinifundisha kweli. Ndiyo maana waya za ampu hizi tunazipanga kama tunapanga mayai. Siku ile nilikuwa napanga kichekesho.

Shangazi akamgeukia mzee. "Na wewe ulisikiaje kitu kidogo namna hiyo?"

"Mama, mimi kutwa sikio langu liko ukutani, natafuta bomba linalovuja ndani. Mwenye nyumba hasikii kitu. Nikikosea, wanabomoa ukuta wa mtu bure." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nimeshazoea kuambiwa hakuna kitu."

Hata magwiji, watu ambao hukosoa kila kitu, walikuwa wanatazama viatu vyao.

Shangazi akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa funguo. Mkono wangu ulinyooka wenyewe, sijui ulitumwa na nani.

Funguo zikaupita, zikaenda kwa mzee.

"Saa tisa alasiri unakuwa umemaliza mabomba?" akamuuliza mzee.

"Kama halijapasuka lolote."

"Basi uwe unapita hapa mpaka nirudi. Huyu mikono anayo. Masikio pia anayo, ila ameyajaza kicheko. Hakuna ampu itakayotoka humu mpaka wewe useme itoke."

Mzee akazitazama funguo, akanitazama mimi. Nikajua analipiza sasa. Atakataa, karakana ifungwe, nikauze soksi.

"Ana mikono mizuri," akasema taratibu. "Nitapita."

Kwa hiyo ndiyo, wapendwa. Bosi wangu ni fundi bomba.

Siku ya kwanza alinirudishia ampu moja mara nne. Mara ya kwanza nilibisha. Mara ya pili nilinuna. Mara ya tatu nilimwambia anaota, akasema labda. Mara ya nne nilihamisha waya moja tu, upana wa ukucha, nikawasha, nikapiga.

Nikasikia. Kama mtu aliyebanwa pua akiachiwa.

"Imekaa," nikasema.

"Sikukuuliza," akasema. Ila alikuwa anatabasamu, mshenzi yule.

Funzo langu ni fupi. Mtu akikwambia anasikia kitu, mpime. Wengi utawakuta hawasikii lolote, na hao ruksa kuwacheka mpaka mbavu zikuume. Ila kabla hujafungua mdomo, fungua sanduku, uangalie ni nini umeweka mle kwa mikono yako mwenyewe.