Biriani Iliyoharibu Ripoti

Ukitaka kumuona Mwanakheri, nenda langoni kwa skuli ya msingi ya kijiji chao, huko njia ya Mangapwani, saa nne asubuhi kengele ya mapumziko ikilia. Utamkuta na beseni lake la buluu, badia na kachori za moto, na mdomo ambao haujapata kufungwa tokea azaliwe. Mwaka wa kumi na moja huu anauza hapo. Watoto anawajua kwa majina na kwa mama zao, na analijua jambo moja ambalo hata walimu hawalijui: nani kaja skuli hajala.

Maana wasio na cha kununulia hawasogei kwenye beseni. Huenda nyuma ya mlingoti wa bendera wakajifanya wanacheza. Zamani walikuwa watano, sita. Mwaka juzi akaona ni kundi zima. Kisha asubuhi moja Khairat, mtoto wa darasa la pili, akaanguka pu katikati ya mstari. Alipozinduka mwalimu akamuuliza kala nini. "Chai." Na jana usiku? "Chai." Mwanakheri alilia siku ile mpaka badia zikapoa. Alipomaliza kulia akakasirika, na Mwanakheri akikasirika, jamani, mpisheni.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: watoto wapewe chakula skuli, na iandikwe kwenye sera ya serikali, isiwe hisani ya tajiri fulani, leo yupo kesho kasafiri. Na mihogo na maharage yanunuliwe kwa wakulima wa hapa hapa, wapate na wao. Akakusanya wanawake wenzake, akamganda Sheha Ubwa, mkubwa wa serikali pale kijijini, hata ikawa sheha akiliona lile beseni kwa mbali anabadilisha njia.

"Shoga, una wazimu weye?" alimuuliza Hija, rafiki yake wa utotoni. "Watoto wakilishwa bure, hizo badia zako atazila nani?"

"Ntazila mwenyewe!"

Basi Mungu si Athumani, sheha akaleta habari. Kamati ya waheshimiwa kutoka mjini inapita vijijini kusikiliza watu kabla sera haijaandikwa, na itafika kwao Jumatano.

Hapo ndipo walipoharibu. Huyo Hija ndiye mpishi wa kila harusi kuanzia kwao mpaka Bumbwini, na kusikia neno "wageni" tu keshafunga kanga kiunoni. Waheshimiwa waje watoke na njaa? Kijiji kitasemwaje? Masufuria ya shughuli yakatolewa. Kila nyumba ikaleta ilichonacho: huyu nazi, huyu mchele aliouweka kwa Idi. Mama yake Khairat akaleta kuku wake wa pekee. Na Mwanakheri, msimcheke, ndiye aliyekaanga vitunguu. Waheshimiwa wakala biriani, wakashushia juisi ya ukwaju, wakafungiwa na halua ya kupeleka kwa watoto. Wakaondoka wanaomba dua.

Miezi ikapita, kimya. Mwanakheri akaona isiwe tabu, akavaa baibui lake la kutokea akenda mjini mwenyewe. Alishuka Darajani, akaulizauliza, akaingia vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka kwenye ofisi ya kamati, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zinalia kila ukikanyaga. Karani wa kamati alikuwa Bi Saroj, mama wa Kihindi mzaliwa wa hapo hapo, mwenye miwani na Kiswahili kitamu kuliko cha redioni.

"Shikamoo, Bi Saroj. Nnatafuta ripoti ya kijiji chetu."

"Marahaba, mwanangu, kaa." Akaitoa, akasoma. "'Wananchi wana neema ya chakula. Kijiji kisiwekwe miongoni mwa vya mwanzo kupewa chakula cha skuli.'"

"Neema! Neema gani? Watoto wanaanguka!"

Bi Saroj akavua miwani. "Sasa nyinyi mliwapa biriani ya kuku, wangeandika nini? Mie nyama sili, lakini zile mbaazi za nazi mlizonipikia nlirudia mara mbili. Nliyaandika haya huku nimeshiba."

Mwanakheri akamtazama, akaitazama na ile ripoti. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Bi Saroj naye akaambukizwa, wakashikana mikono kama waliosoma chuo kimoja. Alipoaga, Bi Saroj alimnong'oneza kuwa sera bado haijafungwa. Kamati itarudi vijijini mwezi ujao, na ndiyo mara ya mwisho.

Akarudi na shauri lake. Wageni wakija safari hii, wapewe anachopata Khairat siku ya bahati yake: saa moja asubuhi kikombe cha strungi, chai kavu isiyo na maziwa, na kipande cha muhogo wa kuchemsha, basi, mpaka saa saba.

"Astaghfirullah!" Hija akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Mgeni umpe strungi? Bora nife!" Siku tatu hawakusemeshana.

Siku ya nne Mwanakheri alimshika mkono saa nne, akamvuta mpaka nyuma ya mlingoti, akamwambia akae na watoto. Hija akakaa ananuna. Khairat akamtazama, akamsogelea amfundishe. "Bibi, kunja magoti hivi, uyabane tumboni. Ukikaa hivi njaa haiumi sana."

Hija alijifuta uso kwa kanga, akajifuta tena. Akashika njia ya nyumbani, Mwanakheri nyuma yake. Alipofika mlangoni kwake ndipo akageuka. "Hiyo strungi yao," akasema, "isitiwe sukari nyingi."

Kamati ikaja. Mwenyekiti, Mheshimiwa Mansour, mtu mwema na tumbo lake, alipokea kikombe akatazama nyuma ya anayemletea, akidhani sinia linafuata. Halikufuata. Wakatembezwa madarasani, wakapelekwa mashamba ya mihogo, wakapandishwa kilima cha kisima na kuteremshwa. Saa nne kengele ikalia, na harufu ya badia ikamuongoza mheshimiwa moja kwa moja hadi kwenye beseni, mkono umo mfukoni.

Mwanakheri akalifunika. Alijua huyu akikasirika, yote yameharibika. "Unisamehe, Mheshimiwa. Leo weye umo katika wale wa nyuma ya mlingoti."

Sheha Ubwa alitamani ardhi imfiche. Mheshimiwa akawatazama wale watoto, akaenda taratibu, akakaa nao mchangani na suti yake. Tumbo likamnguruma, wallahi watu wote wakalisikia. Watoto wakavunjika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka. Khairat akamuonesha namna ya kukunja magoti. Hapo kicheko kikamfutika usoni.

"Mara ile mbona mlitufichia?" akauliza.

"Hatukukuficheni," akajibu Mwanakheri. "Tulikukirimuni."

Bi Saroj alikuwa anaandika haraka, na siku hiyo yeye naye alikuwa na njaa.

Ikapita miezi minane, na skuli yao ikawa miongoni mwa za mwanzo. Siku ya chakula cha kwanza, masufuria ya shughuli yalitolewa tena, Hija kashika upawa anaamrisha watu kama yumo harusini. Wali na maharage ya nazi, na mihogo imetoka shambani kwa baba yake Khairat, kalipwa. Wanawake wakapiga vigelegele, hata mwalimu mkuu akapiga kimoja, kibaya.

Mwanakheri alikuja saa nne na beseni lake, mazoea tu. Kengele ikalia. Alitazama kwanza nyuma ya mlingoti. Hapakuwa na mtu. Akatazama mbele yake, napo hapakuwa na mtu, na badia zilikuwa pomoni.

"Nlikwambia!" Hija akampigia kelele kutoka jikoni.

Khairat akapita, mashavu yanang'ara mafuta. Mwanakheri akamnyooshea badia moja, ya bure.

"Ahsante, Bi Mwanakheri," mtoto akasema, akatikisa kichwa. "Nshashiba."

Miaka kumi na moja langoni pale, hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo. Mwanakheri akakaa chini mchangani, anacheka na machozi yanamtoka, akaanza kuzila badia zake mwenyewe.